Nati Mbili za Baba

Juzi mwanangu aliniletea simu yenye picha ya Nissan Z mpya, ile ya lita 3, turbo mbili, nguvu za farasi 400. "Mama, kwa nini tusiuze Z ya Babu tukanunua hii?" Nikamwambia hela hatuna, na kweli hatuna. Lakini hilo si jibu lote, na toka siku hiyo naifikiria ile Jumamosi kwa fundi, muda mfupi baada ya arobaini ya Baba, nilipoambiwa nizungushe nati mbili chini ya kabureta, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, na mkono ukagoma.

Z hiyo, Datsun 240Z ya Baba, ilikuwa imekaa Mombasa miaka yote. Baba aliitamani tangu ujana, tangu mashindano ya magari ya Safari ya 1971 aliyoshinda Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller, na ile ya 1973 ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, zote kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Alipopata uwezo akanunua yake, akaihudumia kwa mikono yake mwenyewe. Alipofariki tukakubaliana ndugu wote ipande Nairobi, kwa sababu hewa ya chumvi haina simile na bati la Datsun za miaka ile. Kutu huanzia chini ya betri, tindikali ikishachubua rangi, ikaenda sakafuni, ikamalizia kwenye vizingiti vya milango. Ukiona rangi imefura malengelenge hapo, jua ndani bati limekwisha.

Kakangu alitangulia na 350Z yake, Nissan Z ya baadaye isiyo na kabureta, mimi nikafuata. Mpaka Voi injini ililia safi. Kupita Mtito Andei nikahisi inachelewa kuitika nikikanyaga mafuta. Emali nikaanza kunusa petroli ndani ya gari. Tulipofika Mlolongo, kwenye foleni ya malori, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa inapanda na kushuka, injini inamisi, na kwenye kioo naona moshi mweusi. 350Z mbele yangu ilikuwa imepanda mlima uleule, siku ileile, na ilikuwa inanguruma vilevile kama ilivyoondoka Mombasa.

Sababu yenyewe ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Kabureta mbili za Hitachi zilizo kwenye 240Z, ambazo zimefuata muundo wa kabureta za SU za Uingereza, hazipimi uzito wa hewa. Ndani yake mna pistoni inayoinuliwa na mvuto wa injini, na kwenye pistoni imeshikizwa sindano iliyochongoka inayoingia kwenye nozeli, mrija unaotoa petroli. Pistoni ikipanda, sindano hupanda nayo, nafasi ikapanuka, petroli ikapita. Pistoni ikisimama mahali palepale, Mombasa au Nairobi, petroli inayopita ni ileile, ila hewa inayoandamana nayo Nairobi ina uzito mdogo. Basi mafuta yanazidi. Kwenye 350Z kuna waya mwembamba wa moto kwenye njia ya hewa. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta hutazama umeme unaotumika kuurudishia joto, ikajua ni uzito gani wa hewa umeingia, ikapunguza petroli. Vihisi vya oksijeni kwenye ekzosi huhakikisha. Dereva hahusiki hata chembe.

Kwenye Z anayehusika ni mtu, na mtu wake alikuwa amezikwa.

Fundi tuliyempata ni mzee ambaye kabureta amezifanyia kazi maisha yake yote. Alikataa kuzigusa kwanza. Kabureta, alisema, hufuata baada ya vingine vyote, kwa sababu ukizitegesha wakati valvu au pointi za kuwashia cheche zina kasoro utakuwa unaficha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Akapasha injini moto, akapima nafasi za valvu: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Akafungua distribyuta, nafasi ya pointi ilikuwa nusu milimita. Akatazama oili kwenye dampa za kabureta, zote mbili zimejaa mpaka alama. Plagi ndizo zilizokuwa zimeota masizi meusi makavu, akazisafisha, akazirudisha. Kila alichopima kilikuwa mahali pake, naye akawa anarudia taratibu, "Babako alikuwa makini, binti yangu. Makini sana."

Kisha akatoa boksi la chujio la hewa, lile la rangi ya machungwa, akachuchumaa na kumulika tochi chini ya kabureta ya mbele. Akaniita niinamie.

Nati ya mchanganyiko haihitaji spana. Inazungushwa kwa vidole, na springi huibana isilegee. Ukiipandisha, nozeli hupanda kuifuata sindano, petroli ikapungua. Ukiishusha, petroli ikaongezeka. Kwenye ukingo wa nati ile palikuwa na tone jekundu. Nikadhani ni rangi ya gari, nikaligusa kwa ukucha. Lilikuwa rangi ya kucha. Ya Mama. Baba alilitia pale ili akiinama aone papo hapo kama nati imejisogeza kwa mtikisiko. Tone lilitazama nje, wima kwangu. Nikahamia kabureta ya nyuma, nikakuta tone la pili, nalo limetazama nje. Yalikuwa yamepakwa kwa mkono uliotulia, duara dogo lisilomwagika pembeni, na juu yake hapakuwa na vumbi la mafuta kama kila kitu kingine huko chini. Alikuwa anayafuta.

"Hesabu kwanza kabla hatujabadilisha," fundi akasema. "Ipandishe mpaka igote, hesabu mizunguko, uandike."

Sikuweza. Viti vya gari ile vilishashonwa upya, tairi zimebadilishwa, rangi imepigwa tena. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoniuma. Lakini kipimo cha nati zile hakikutoka kiwandani. Mwongozo wa Nissan unakuanzishia mizunguko 2½ kushuka kutoka juu, kisha unakuachia. Kilichobaki ni sikio lake, asubuhi fulani pale uani, injini ikiwa na moto, akisogeza kidogo, akisikiliza, akisogeza, mpaka akaridhika na kuweka tone. Hapo ndipo alipokuwa ameishia.

Fundi alinisubiri. Hakunihimiza. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, "Ukiziacha hivi, petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zitalika. Yeye angezisogeza siku ileile mliyofika."

Nikashika nati. Mbele ilikuwa mizunguko 2¾, nyuma 3. Niliandika ndani ya boneti kwa wino mzito, na maandishi yako hapo hadi leo. Hazikulingana, na hazilazimiki kulingana. Kila kabureta ina uchakavu wake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Fundi alinipa kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nisikilize mfoko wa hewa mbele na nyuma huku yeye akirekebisha skrubu mpaka sauti mbili zikawa moja. Kisha mchanganyiko: unainua pistoni ya kabureta kama milimita moja. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ukianguka injini ikitaka kuzima, yamepungua. Ukipanda kidogo sana kisha ukatulia, umefika. Tulifika mbele ikiwa 2¼ na nyuma 2½, nusu mzunguko kila upande, na matone yote mawili yakageukia injini, mahali ambapo huwezi kuyaona bila kioo. Moshi ukaisha. Sailensa ikakaa.

Kakangu husema najitesa, na kwa mizani yoyote ya gari ana haki. 350Z ina breki za diski magurudumu yote na ABS, inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki. Z ya Baba ina diski mbele na ngoma nyuma, na mvua ikinyesha naendesha kwa kujihadhari. Ile yake ina mifuko ya hewa. Hii ina mkanda. Lakini hata kompyuta ile ikifunguliwa hutakuta ndani yake mahali ambapo kakangu aliamua jambo. Kama hiyo ni sababu ya kutosha ya kubaki na gari, sijui. Huenda ninachokipenda si gari.

Kila tukishuka Mombasa mwisho wa mwaka nazirudisha nati nusu mzunguko, matone yanatazama nje, na injini huwa inatulia kwa namba za Baba. Desemba iliyopita haikutulia. Mafuta yalizidi pale pale usawa wa bahari. Fundi alipofungua alinionyesha: tundu la nozeli limelika upande mmoja kwa kusuguliwa na sindano, si duara tena, na linapitisha petroli zaidi ya kipimo. Dawa ni kubadilisha sindano na nozeli kwa pamoja, kabureta zote mbili, na kuisawazisha nozeli mpaka pistoni ikiachiwa ianguke na kugota kwa mlio mkavu wa chuma. Baada ya hapo hesabu inaanza upya kutoka 2½, na namba zilizo ndani ya boneti hazitakuwa na kazi.

Vipuri nimekwisha kununua. Fundi anataka nimpelekee gari kabla ya mvua za vuli, kwa sababu kila kilomita inayoongezeka petroli inazidi kuosha silinda. Sijampa siku.