Mguu wa Nyanya kwenye karatasi ya kaki

Nimeingia Nairobi alfajiri kwa treni ya usiku, na kwenye mkoba mna viatu vile vile nilivyokwenda navyo Mombasa. Ni jozi ya kwanza niliyoitengeneza peke yangu, kuanzia mchoro hadi soli. Nilimshonea nyanya. Havikumwenea.

Nyanya ana kifundo kilichochomoza ubavuni mwa mguu wa kulia, penye shina la kidole gumba. Kwa urefu yeye ni namba 39, lakini hununua 41 ili kile kifundo kipate nafasi, na kila akipiga hatua kisigino kinachopoka. Ndiyo sababu siku hizi hata arusini huenda na ndara. Nilipochagua kusomea viatu badala ya nguo, nilikuwa nikimuwaza yeye. Darasani ndipo nilipojua kwamba namba husema urefu tu: kutoka 39 hadi 40 ni theluthi mbili za sentimita, basi. Upana hauna neno humo.

Kiatu huanzia kwenye kalibu, lile gogo la umbo la mguu. Nilidhani ni mguu wenyewe ulioigwa. Sivyo. Ncha yake imeinuliwa kidogo mtu asije akajikwaa, na kimo cha kisigino kimeshaamuliwa, hata kalibu ya kisigino kirefu haikupi kiatu bapa. Unaiviringishia utepe wa karatasi wenye gundi mpaka isionekane, unachora kiatu juu yake kwa penseli, kisha unauchana utepe kwa kisu na kuulaza juu ya kadibodi. Kitu cha mviringo kinageuka kuwa ramani. Naweza kuirudia hatua hiyo siku nzima nisichoke.

Mzee mmoja fundi pale soko la Kariokor, Nairobi, alinifunza kubandika vipande vya ngozi kwenye kalibu mahali pa kifundo, kimoja juu ya kingine, halafu kuvipiga msasa hadi vikae kama nyama ya mtu. Ngozi ya kiatu nikaikata sehemu ya mgongo, kwa kuwa ya tumbo huvutika ovyo. Soli nikaifanya ya koki, lile gome jepesi la kuzibia chupa, kipande kizima toka kisigino hadi vidoleni, nyanya akanyage pasipoyumba. Soli hiyo aliivumisha Salvatore Ferragamo, fundi wa Florence, miaka ya 1930. Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia mwaka 1935 ikawekewa vikwazo, na chuma cha pua kizuri cha kutia ndani ya viatu kikaadimika. Akajaza koki. Kila nikiishika, nakumbuka kwamba uzuri huu umepitia vita vya jirani zetu.

Kosa langu lilikuwa mwanzo kabisa. Desemba nilimchora nyanya mguu asubuhi, akiwa ameketi kitini, mguu umelegea juu ya karatasi. Mguu uliobeba mwili hutanuka. Ikifika jioni huwa pia umevimba kidogo. Nilikuwa nimemtengenezea viatu vya kukalia.

Jana alivivaa akanitazama kwa muda. "Mjukuu wangu, ni vizuri sana. Lakini vyanibana." Alivua kile cha kulia polepole, akakipangusa kwa ncha ya leso kana kwamba ndicho kilichoumia. Nilibanwa na machozi.

Baada ya magharibi nikatandika karatasi ya kaki sakafuni. Akasimama, mkono begani kwangu. Nikamwambia asiniegemee, uzito auache mguuni. Nikaizungusha penseli taratibu, wima, nikipita kwenye kile kifundo pasipo kukigusa.

Asubuhi hii nimeiweka michoro miwili pamoja dirishani. Penye kifundo, wa jana umeuzidi ule wa Desemba kwa milimita 6. Kesho naongeza ngozi kwenye kalibu. Arusi ni Agosti.