Ngumi Zilizopita Hewani

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Mei 2015, nilitoka katika banda la kuonyeshea mpira nikiwa hoi kwa kukesha, na nyuma yangu watu walikuwa bado wanabishana kwa sauti kwamba bondia Manny Pacquiao ameibiwa ushindi. Huko Las Vegas, katika ukumbi wa MGM Grand, ulikuwa bado usiku wa Jumamosi, na majaji wote watatu walikuwa wamempa Floyd Mayweather ushindi: mmoja kwa pointi 118 dhidi ya 110, wengine wawili kwa 116 dhidi ya 112. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyeanza kufuatilia masumbwi enzi za redio, alinishika bega mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, ameshindaje mtu aliyekuwa anakimbia?"

Swali lile sijalisahau, kwa sababu ndilo linaloulizwa kila mara bondia wa kujihami anaposhinda pambano kubwa. Pacquiao mwenyewe alisema baada ya kengele ya mwisho kwamba aliamini ameshinda, na mashabiki waliojaa ukumbini walimzomea mshindi. Hata hivyo, hesabu ya CompuBox, kampuni inayohesabu ngumi katika mapambano, ilionyesha kwamba Pacquiao alirusha ngumi 429 na zilizofika zilikuwa 81 tu, ilhali Mayweather alirusha 435 akafikisha 148. Yaani yule tuliyeambiwa alikuwa anakimbia ndiye aliyerusha ngumi nyingi zaidi, ingawa kwa tofauti ndogo, na zilizompata mpinzani wake zilikaribia kuwa maradufu.

Wengi wakitaja ulinzi wa Mayweather hulitaja bega: mkono wa kushoto ukishushwa hadi usawa wa tumbo, bega la kushoto likiinuliwa kufunika kidevu, na mkono wa kulia ukikaa karibu na shavu ukisubiri kujibu. Lakini bega hilo hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya bondia anayetumia mkono wa kulia kwa ngumi zake nzito. Pacquiao ni wa mashoto, na usiku ule Mayweather alitegemea zaidi miguu yake. Alipima umbali, akasogea nusu hatua nyuma au pembeni kila Pacquiao alipojiandaa kurusha mkono wa kushoto, kisha akampiga kwa mkono wa kulia ulionyooka kabla hajajipanga upya. Kazi ya namna hiyo haina kishindo, na mtu aliyekaa mbali na skrini, katikati ya makelele, huona tu mmoja anakwenda mbele na mwingine anarudi nyuma.

Majaji hufundishwa kutazama mambo manne: ngumi safi zilizofika, mashambulizi yenye matokeo, nani anautawala ulingo, na ulinzi. Jambo la pili ndilo linalotuchanganya sisi mashabiki, maana tunalisikia neno "mashambulizi" na kuacha hayo maneno "yenye matokeo". Bondia anayemfuata mwenzake raundi nzima huku ngumi zake zikipita hewani hajashambulia kwa maana hiyo. Amefanya mazoezi ya miguu tu. (Nakiri kwamba nami asubuhi ile nilishangilia ngumi kadhaa ambazo, nilipozitazama upya, zilikuwa zimetua kwenye glavu.)

Kosa hilo si la mashabiki peke yao. Mwaka 1993, mjini San Antonio, Pernell Whitaker alimkwepa na kumpiga Julio César Chávez kwa raundi 12, na wataalamu wengi waliokuwepo waliona ameshinda waziwazi. Majaji wawili kati ya watatu waliandika 115 kwa 115, na pambano likatangazwa kuwa sare. Kama kuna bondia wa kujihami aliyeibiwa, basi ni Whitaker.

Simtetei Mayweather kwa kila kitu. Alikumbatia mno kila Pacquiao alipoingia ndani, na mwamuzi mkali zaidi angemkaripia mapema. Pia watu walikuwa na haki ya kununa, kwani pambano lilisubiriwa tangu mwishoni mwa 2009, likafika mmoja akiwa na miaka 38 na mwingine 36, na Marekani kulitazama nyumbani kuligharimu takriban dola 100. Baadaye ikajulikana kwamba Pacquiao alipanda ulingoni na bega la kulia lenye jeraha. Lakini hasira ya mtu aliyelipa fedha nyingi akakosa vita aliyoitarajia haiwezi kubadilisha idadi ya ngumi zilizofika.

Miezi kadhaa baadaye nilimpelekea yule mzee pambano lote kwenye kompyuta, nikamwomba tulitazame bila sauti. Raundi ya 4, Pacquiao alipompata Mayweather kwa mkono wa kushoto na kumsukumia kwenye kamba, mzee alipiga paja lake kwa furaha, na nilikubaliana naye kwamba raundi ile ni ya Pacquiao. Raundi ya 6, Mayweather akiwa tena kwenye kamba huku akitikisa kichwa kukanusha, mzee alianza kuhesabu kwa vidole. Alihesabu kidogo, akanyamaza, akasogeza kiti karibu na skrini, kisha akaniambia, "Hebu rudisha nyuma kidogo."