Nilivyomaliza hatua zote 120 za Snoopy kwenye Game Boy kuukuu

Ukikaa St. Paul, Minnesota, Snoopy, yule mbwa wa katuni za Peanuts, utakutana naye tu. Mchoraji wake, Charles M. Schulz, alizaliwa Minneapolis mwaka 1922 akakulia St. Paul, na baba yake alikuwa na duka la kinyozi kwenye makutano ya Snelling na Selby. Katikati ya mji, pale Landmark Plaza, wahusika wake wamesimamishwa kwa shaba na watoto huwapanda siku nzima. Mimi nilihamia huku kutoka Nakuru nikiwa mtu mzima, kwa hiyo sikulelewa na katuni hizo. Nilizianza kwa kuazima vitabu maktaba, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyomheshimu mchoraji. Kuanzia Oktoba 1950 hadi Februari 2000 alichora katuni 17,897, zote kwa mkono wake mwenyewe bila msaidizi.

Ndiyo maana nilipoikuta katriji ya Snoopy's Magic Show kwenye duka la mitumba, ikiuzwa pamoja na Game Boy ya kijivu, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo mkononi, sikusita. Mchezo huo ulitolewa na Kemco, kampuni ya Japani, mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya Game Boy yenyewe kuingia sokoni. Muuzaji aliniambia wazi kwamba mashine haiwaki. Bei ilikuwa ndogo, nikaichukua hivyo hivyo.

Nilipofungua mfuniko wa betri nikaona shida iko wapi. Betri zilisahaulika ndani miaka mingi zikavuja, na vile vibati vinavyoshika umeme vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na mweupe. Maji ya betri za alkali ni besi ya kuunguza, kinyume cha asidi, na dawa yake ni asidi hafifu, yaani siki ya jikoni. Nilichovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye siki, nikasugua polepole mpaka ukungu ukaacha kutoa povu, kisha nikapitisha spiriti ili unyevu wote ukauke. Meno ya katriji nayo niliyasafisha kwa spiriti. Vijiti vya kwanza vilitoka vyeusi tititi. Niliweka betri nne mpya, nikasukuma swichi, taa nyekundu ikawaka na Snoopy akatokea.

Skrini ilikuwa na mistari michache wima isiyoonyesha kitu, ambalo ni jambo la uzee kwa mashine za umri huo. Nilimpelekea jamaa yangu anayetengeneza simu. Alifungua kifuniko, akapitisha chuma cha kulehemia taratibu juu ya utepe ulio chini ya kioo huku mchezo ukiendelea, na mistari ikajirudi mmoja mmoja mbele ya macho yetu. Kama huna mkono uliozoea chuma cha moto, kazi hiyo mwachie fundi.

Sasa mchezo wenyewe. Kila hatua ni uwanja mmoja unaoenea kwenye skrini moja. Kuna ndege wanne, wote Woodstock, yule ndege mdogo rafiki wa Snoopy, na Snoopy lazima awachukue wote kabla muda haujaisha. Kuna visanduku vya kusukuma, vingine vya kuvunja. Halafu kuna mpira unaoruka uwanjani bila kupumzika, na ukikugusa umepoteza uhai mmoja. Hatua nyingine zina mipira zaidi ya mmoja. Hizo ndizo sheria zote, na unazielewa ndani ya dakika moja. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wake ulipo: ugumu wote umetoka kwenye mpangilio, hakuna kitu kilichofichwa.

Na picha zake! Ile skrini ina nukta 160 kwa 144 tu, na vivuli vinne vya rangi moja. Michezo mingi ya wakati ule ilionekana kama imebanwa humo. Snoopy hakubanwa. Schulz alikuwa mtu wa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, mistari michache, sura unayoitambua ikiwa ndogo kama ukucha. Mchoro wa namna hiyo haukupoteza kitu.

Hatua za mwanzo nilizipita kwa kukimbia. Baadaye kukimbia kukaacha kusaidia. Mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye huja kwetu wikendi, alikuwa ameegemea bega langu akitazama, akaniambia, “Anko, wewe unaangalia ndege. Angalia mpira.” Alikuwa amegundua kwamba mpira huenda mshazari, ukigonga ukuta unageuka, na unapita njia zinazosomeka. Kuanzia siku hiyo tulikuwa tunasimama kwanza mahali salama, tunaufuata kwa macho mpaka tujue utapita wapi, ndipo Snoopy anaondoka.

Jambo la pili lilikuwa visanduku. Kile cha kusukuma hukubali mara moja tu, kisha kinakuwa ukuta. Ukikisukuma upande usiofaa umejifungia njia na itabidi uanze upya. Kwa hiyo nilinunua daftari la hesabu lenye miraba, nikawa nachora kila uwanja ulionishinda, na kufikiri kutoka mwisho kwenda mwanzo: ni ndege yupi ambaye nikishamfikia sitaweza kurudi? Huyo anakuwa wa mwisho. Ukishampata wa mwisho, wa tatu anajitaja mwenyewe, na mara nyingi kilichobaki ni kupanga miguu tu. Hatua zilizonisumbua wiki nzima zilifunguka mezani kwa penseli, mashine ikiwa imezimwa.

Daftari hilo lilikuwa na kazi nyingine pia. Mchezo huu hauhifadhi ulipofika. Unakupa nywila ya tarakimu nne. Niliziandika kwa wino pembeni mwa kila mchoro, kwa hiyo niliweza kucheza hatua moja basi likija, au wakati wa mapumziko yangu ya kazi ya usiku, kisha nikazima bila wasiwasi. Skrini hiyo haina mwanga wake, na mnamo Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo kiti changu cha kucheza kikawa kile cha chini ya taa ya meza.

Hatua za mwisho nilizicheza majira ya kuchipua, mpwa wangu akiwa kando yangu kama sharti lake lilivyokuwa: nisizimalize bila yeye. Ya 120 tulikuwa tumeshaichora, lakini miguu iliposhindana na mpira ilibidi tubadilishe mpango mara kadhaa, yeye akiita “Ngoja… ngoja… sasa!” na mimi nikibonyeza. Ndege wa nne alipochukuliwa alipiga kelele mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Sasa mashine iko kwao. Ameanza hatua ya kwanza kwa daftari lake mwenyewe, langu amekataa kulifungua, na juzi alinipigia simu kunieleza njia yake ya hatua moja ya kati ambayo ni fupi kuliko yangu. Nimemwomba aniandikie nami nijaribu.