Sonona sugu: kutoka kupitisha umeme kichwani hadi kusoma ishara za ubongo

Nimekuwa nikifuatilia tafiti za tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa muda mrefu, kwa kuwa katika familia yetu yupo ndugu ambaye dawa hazikumfaa, na ninajua jinsi inavyoumiza kumsikia mtu mzima mwenye elimu yake akisema kwamba mgonjwa wa namna hiyo anadeka. Madaktari husema sonona ni sugu pale ambapo mgonjwa amekwisha kutumia angalau dawa mbili tofauti, kwa kipimo sahihi na kwa muda wa kutosha, bila kupata nafuu. Watu hao si wachache, na ndio hasa wanaolengwa na tiba za kusisimua ubongo.

Kongwe kati ya tiba hizo ni ya mshtuko wa umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku hizi mgonjwa hupewa kwanza dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, na kwa aliyeacha kula au anayetaka kujiua ingali miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi, ingawa huweza kuathiri kumbukumbu. Hata hivyo, umeme wake hupita katika sehemu kubwa ya ubongo bila kuchagua.

Daktari wa neva Helen Mayberg alitaka kujua ni sehemu ipi hasa inayohusika. Picha za ubongo zilimwonyesha kwamba eneo dogo lililo ndani kabisa, upande wa mbele, liitwalo eneo la 25, huchangamka kupita kiasi wakati wa huzuni na hutulia mgonjwa anapopona. Mwaka 2005, huko Toronto, yeye na daktari wa upasuaji Andres Lozano pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 6 waliopandikizwa elektrodi, yaani ncha nyembamba za kupitishia umeme, karibu na eneo hilo, zikiunganishwa kwa waya na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Baada ya miezi 6, wanne kati yao walikuwa na nafuu kubwa.

Kisha yakaja masikitiko. Jaribio kubwa lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 90, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, halikuonyesha tofauti ya maana baada ya miezi 6 kati ya waliowashiwa kifaa na wale ambao kifaa chao kilikuwa kimezimwa. Wengi waliona kwamba tiba hiyo imekwisha. Lakini wagonjwa walipoendelea kufuatiliwa hadi miaka miwili, wote wakiwa sasa wamewashiwa kifaa, karibu nusu yao walikuwa wamepata nafuu kubwa, na kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la kutafakari sana: ubongo uliougua kwa miaka mingi huenda ukahitaji muda mrefu kuliko ule ambao watafiti walikuwa tayari kuusubiri.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mwaka 2023, kundi la Mayberg na mhandisi Christopher Rozell lilieleza katika jarida la Nature habari za wagonjwa 10 waliowekewa kifaa ambacho, mbali na kutoa umeme, kiliweza kurekodi ishara za ubongo. Baada ya wiki 24, tisa walikuwa na nafuu kubwa na saba kati yao dalili zao zilikuwa zimekwisha. Kwa msaada wa akili bandia, watafiti walitambua mabadiliko ya ishara yanayokwenda sambamba na kupona, na kwa mgonjwa mmoja aliyerudiwa na ugonjwa, ishara zilikuwa zimeharibika wiki kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Kwa familia iliyozoea kukisia hali ya mgonjwa wake kwa kumtazama usoni, kipimo cha namna hiyo kingekuwa msaada mkubwa mno.

Upasuaji, hata hivyo, ni wa wachache. Tiba ya sumaku haihitaji kisu wala dawa ya usingizi: koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa, na mapigo ya sumaku huamsha umeme mdogo katika sehemu ya mbele ya ubongo, kwa kawaida upande wa kushoto. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2008, lakini mgonjwa alihitaji kufika kliniki karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Nolan Williams na wenzake waliibana ratiba hiyo ikawa vipindi 10 kwa siku, kwa siku 5, wakitumia picha za MRI kutafuta mahali panapomfaa kila mgonjwa. Katika jaribio lao la mwaka 2021, asilimia 79 ya waliopata tiba halisi dalili zao zilikwisha ndani ya wiki nne, dhidi ya asilimia 13 ya waliowekewa kifaa bandia. Ni matokeo ya kusisimua, ingawa washiriki walikuwa 29 tu.

Kwa hospitali zetu za Afrika Mashariki, ningeanza kwingine. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 414, ulionyesha kwamba kipindi cha sumaku cha dakika 3 hakikuzidiwa na kile cha dakika 37 na nusu. Hauhitajiki upasuaji wala MRI ya kila mgonjwa, na mashine moja inaweza kuhudumia watu wengi zaidi kwa siku. Hospitali ya rufaa ya afya ya akili inayopanga bajeti ya vifaa ingefaa kuufikiria mpango huo kwanza, pamoja na mafunzo ya wauguzi watakaoiendesha mashine hiyo na nauli ya wagonjwa watakaosafiri kuifuata.