Siku Tano Ruaha Mbuyuni

Ukiingia ofisini kwetu Makambako utakuta picha ya baba ukutani, ameshika usukani wa Scania, na mgeni hamalizi soda yake kabla hajasimuliwa kwamba kampuni hii ya malori imetokana na mikono ile. Sibishi mbele ya wageni. Lakini siku ilipoanza mimi nilikuwepo, na hakuna aliyeshika usukani. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, lilikuwa chini juu ya gunia, na baba alikuwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akitafuta spea.

Ilikuwa Juni 1995. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikawa utingo wa gari la nyumbani. Gari lenyewe lilikuwa moja tu, Scania 81 chakavu ya tani kumi, baba aliyoinunua baada ya miaka mingi ya kuendesha magari ya watu. Tulikuwa tumepakia viazi vya Njombe, magunia sabini na tano ya lumbesa. Mwenye mzigo alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye hakuwahi kututania.

Milima ya Kitonga tuliishuka usiku kwa gia ndogo, salama kabisa. Kilichotushinda ni tambarare. Karibu na Ruaha Mbuyuni gari likaanza kulia kama mtu anayesaga mawe, kisha mlio mmoja mkubwa, likakataa kwenda. Alfajiri fundi wa pale alifungua difu akamwaga oili kwenye karai. Meno ya pinioni, gia ndogo ya difu, yalitoka pamoja na oili.

Baba hakusema neno. Aliandika kikaratasi, akampa kondakta wa basi la Mbeya akiache stendi ya Makambako, ndiyo ilikuwa simu yetu siku hizo. Yeye akadandia basi la kushuka Dar. "Kaa na gari. Usilale mbali na turubai."

Mama alifika kesho yake mchana pamoja na mjomba. Amevaa sweta. Makambako mwezi wa sita watu huota moto asubuhi. Mbuyuni jua lilikuwa linakaanga. Alivua sweta, akapanda juu ya mzigo, akaingiza mkono katikati ya magunia na kuukaza humo muda mrefu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Vimeshaanza kupata joto," alisema. "Baba yako amesema atarudi lini?"

"Hakusema."

Alishuka, akaenda kukaa kivulini kwa akina mama wauza vitunguu. Alitoa kaunta buku yake, ile ya jalada gumu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaanza kuchora vijiti. Nilidhani anapiga hesabu ya hasara. Jioni nikachungulia: kurasa mbili, moja ameandika "wanashuka", nyingine "wanapanda", na chini ya kila moja mafungu mawili, "wana mzigo" na "watupu". Alikuwa anahesabu malori.

Nikamuuliza anajuaje gari limefunikwa turubai kama halina kitu. Alinitazama kama vile shule ilikuwa imenipotezea muda.

"Sikiliza," akasema.

Nami nikasikiliza. Gari tupu hulijui kwa macho tu. Bodi linagonga, minyororo ya milango inacheza, kwenye shimo mkia unaruka. Lenye mzigo hupita likiguna tu. Kufikia usiku niliweza kuzitofautisha nimelala kifudifudi juu ya viazi. Semi nyingi zilizokuwa zikitoka Zambia zilishuka tupu. Na magari ya kwetu, ya tani saba na ya tani kumi, yaliyopeleka Dar mahindi, mbao za Sao Hill na viazi, karibu yote yalipanda yakipiga kelele.

Alhamisi jioni harufu ilianza. Anayejua kiazi kinavyooza haniombi maelezo. Asiyejua, namwonea wivu. Mama alimsimamisha dereva wa semi moja tupu iliyokuwa ikishuka, wakazungumza pembeni kwa sauti ya chini. Laki moja na themanini, taslimu, kabla ya gunia la kwanza kuguswa. Mwenye lile gari hakujua lolote, nina hakika. (Miaka mingi baadaye, madereva wetu walipoanza kutufanyia hivyo hivyo, nilikuja juu nikataka kufukuza mtu. Mama alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta machozi.)

Alifungua fundo la kanga kiunoni. Hela ile niliifahamu. Ilikuwa ya kibubu, ya gari la pili, miaka mitatu ya kuuza maharage na kujinyima nyama. Tulifaulisha mzigo usiku ule kwa mwanga wa karabai, mimi, mjomba na vijana sita wa pale, bega kwa bega, na alfajiri mjomba akaondoka nao. Magunia tisa tuliyabakiza kando ya barabara. Mbuzi nao waliyakataa.

Ningependa kusema kwamba mwenye viazi alitushukuru. Alikata bei, akamwambia mjomba kwamba mzigo umechelewa soko, na kwa kuwa ni kweli hatukuwa na la kujibu.

Baba alirudi Jumamosi, amezikumbatia krauni na pinioni, gia mpya za difu, kwenye gunia lililolowa grisi. Aliona bodi tupu. Akazunguka gari mara moja, akarudi.

"Mzigo uko wapi?"

"Dar," mama akajibu.

"Kwa hela gani?"

Mama akamwambia. Sijawahi kumwona baba akikaa chini haraka vile. Alikaa kwenye tairi la akiba, mikono juu ya magoti. "Mama, ile ilikuwa ya gari la pili."

"Gari la pili ni hili hili, likipanda na mzigo."

Baba alikuwa na majibu yake, na hayakuwa ya kijinga. Kulala Dar siku tatu ukisubiri mzigo wa kupanda ni posho, ni mlinzi, ni dalali anayekula cha kwake kwanza. Bora urudi haraka, upakie tena viazi. Madereva wote wa rika lake waliamini hivyo. Mama alimfungulia daftari, akamwonyesha vijiti. Baba akatazama, akasema hao wote si wajinga.

"Ulipokuwa ukipeleka mafuta Zambia," mama akamuuliza taratibu, "ulikuwa unarudi na nini?"

Hapo lazima nieleze. Baba aliijua barabara hii ikiwa vumbi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibanwa mafuta, na yeye alikuwa mmoja wa vijana waliopakia mapipa Dar na kuyavusha Tunduma kwenye tope ambalo Wazungu waliliita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilifika Ndola 1968, reli ya TAZARA ikaja katikati ya miaka ya sabini, na kila mara watu walitangaza kwamba malori yamekwisha. Alikuwa na hadithi za njia ile za kutosha maisha mawili. Alijifuta grisi polepole kwa kitambaa.

"Shaba," akasema.

"Haya."

Hakuna aliyeongeza neno. Fundi aliita tuje kushika jeki.

Yaliyofuata miaka iliyofuata hayana mbwembwe. Mama alipata mtu mmoja wa kuaminika Dar, tukapandisha chumvi, mabati, na ikifika Oktoba mbolea kabla ya mvua. Gari la pili lilichelewa mwaka mzima kwa sababu ya vile viazi, kisha la tatu na la nne yakaja kwa karibu kuliko tulivyotegemea. Sasa ni vichwa kumi na tisa na yadi yenye ukuta. Kaunta buku zimejaa kabati, ingawa kijana wa hesabu ana kompyuta.

Jumapili ile jioni gari lilikuwa tayari. Baba alishika funguo, akageuka, akakuta akina mama wa vitunguu wamepanga magunia ishirini na mbili nyuma ya bodi, ya kwenda Mafinga na Makambako, nauli imeshaandikwa daftarini. Alimtazama mama. Kisha akaniambia nifungue mlango wa nyuma.

Kitonga tuliipanda usiku kwa gia ya kwanza. Kwenye kona kali niliteremka nikatembea nyuma ya gari na gogo begani, tayari kuliweka chini ya tairi, harufu ya vitunguu ikinipiga usoni. Juu yangu lilipita gari la mwenzetu, bodi likigonga, minyororo ikilia kona baada ya kona mpaka likapotea. La kwetu lilikuwa likiguna tu.