Siku hizi "kwa nini" tunaiweka mpaka kesho

Wapo wanaodhani kuendesha mkutano wa mtandaoni ni kazi ya kukaa tu, unawasha kompyuta, unatuma linki, watu wanaingia, weye unakunywa chai. Mie nasema njooni Michenzani, hapa mjini Unguja, siku tuko laivu mwone watu wazima wanavogombana kwa kunong'ona.

Sie tuko watano, wanne humu chumbani na feni moja, wa tano yuko Chake Chake, Pemba, anaangalia chati. Kazi zetu nyingi ni za Wazanzibari walioko nje, mara watu wa Muscat wanataka semina, mara London wana khitma wanataka ndugu wa Unguja na Pemba nao washiriki, mara harusi. Na mtu aliyefiwa hana subira na linki inayokataa, wala hana makosa.

Ile iliyotutia adabu ilikuwa Jumapili tarehe 29 Oktoba 2023. Tumepanga saa mbili usiku kwetu, baada ya isha, msemaji mkuu yuko London, na wiki mbili nyuma mwenzetu wa mialiko kishamuandikia kuwa kwake itakuwa saa kumi na mbili jioni. Hesabu sahihi kabisa, tofauti yetu na wao ilikuwa saa mbili. Sasa Waingereza kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na ile ndo ilikuwa yenyewe, kwa hiyo tangu alfajiri tofauti ishakuwa saa tatu na hapana hata mmoja wetu aliyekumbuka. Saa mbili imefika, watu wamejaa, Muscat wameingia zamani maana wao wako mbele yetu kwa saa moja tu mwaka mzima na hawana mambo ya kuchezea saa, msemaji hayupo. Simu hapokei. Kwake ni saa kumi na moja, pengine yuko dukani ananunua maziwa.

Fundi wetu wa sauti akamgeukia wa mialiko, "Nshakwambia mie mara ngapi uhakikishe?" Yule naye hakukaa kimya, "Weye kazi yako waya, shughulika na waya zako." Wa tatu akaingia kutetea, wa nne (ndo mie, nakiri) nikachomeka habari ya tukuza, yani umeme wa kulipia kabla, maana wiki ile umeme ulituishia katikati ya mazoezi kwa vile kila mmoja alidhani mwenzake kanunua, basi na hilo likafufuka. Wa Chake anatupigia simu anapiga, zote tumezizima sauti. Alaf kwenye chati nikaona meseji ya bibi mmoja: "Wanangu, maiki iko wazi, tunakusikieni."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msemaji akaingia saa tatu kamili, kwa saa yake hajachelewa hata dakika, anashangaa mbona watu wamenuna.

Wiki nzima wale wawili wakisalimiana kwa shingo upande. Mzee mmoja wa barazani kwetu aliposikia kisa akatupa ile ya manahodha wengi chombo huenda mrama. Nikaipima nikaona haitufai. Sie hatukuwa na manahodha wengi, hatukuwa na hata mmoja, tulikuwa abiria kila mtu anamuonesha mwenzake maji yanapoingilia na hapana aliyeshika upo akayafua.

Ikaja Mei 2024. Jumapili tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, intaneti nchi nzima ikawa ya kusotea, meseji yenyewe inazunguka mpaka unaisahau. Sie Jumatatu tuna semina. Nakwambieni siku ile hapana aliyemkemea mwenzake! Mmoja katoka kutuletea juisi ya muwa, wa sauti mwenyewe ndo aliyempigia mteja simu ya kawaida na kumuomba radhi, tukaahirisha, tukacheka, tukarudi majumbani. Watu walewale, chumba kilekile, na shida kubwa mara kumi. Nililala naliwaza hilo, yani kumbe si tabia zetu mbaya, ni kuwa waya ukikatika chini ya bahari huna wa kumuuliza kwa nini.

Basi tukaipiga marufuku. Tukiwa laivu hairuhusiwi kuuliza "kwa nini", wala "nani kafanya", unaruhusiwa kusema nini kimeharibika na sasa tunafanyaje. Mwenye kuungulika moyo daftari la kaunta liko mezani, aandike humo, aandike mpaka kalamu ipasue karatasi, kesho asubuhi tunalisoma barazani na kahawa. Na kinachonichekesha ni kuwa watu wakishalala wanakuja wenyewe kufuta walichoandika, mie mwenyewe nshafuta mengi tu. Yanayobaki ndo ya kuzungumza kweli.

Na kila shughuli ina nahodha mmoja, jina lake tunabandika ukutani. Zamu inazunguka, kwa hiyo hata mdogo wetu kuliko wote akiwa nahodha nanyamaza. Akisema tuanze bila msemaji tunaanza, akikosea kakosea, itaingia daftarini. Na simu ya mteja anaishika yeye tu, maana zamani mteja akitupigia wote, kila mtu anampa ahadi yake, ndani ya dakika tano tuna mipango mitano na ugomvi mmoja.

Kilichotusumbua zaidi ni meseji za grupu. Mwenzetu wa Chake akiandika "sawa" peke yake, hapa mjini tunaisoma kanuna, na yeye masikini anajibu kwa mkono mmoja huku mwengine unamuondoa mtu anayetukana kwenye chati. Siku hizi tumekubaliana kuwa "sawa" maana yake nimeiona, basi, usiitafutie roho.

Mengine madogo madogo. Hapana kuingia laivu na njaa, urojo unaletwa saa moja kabla. Maiki inaangaliwa na watu wawili. Saa tunaandika namna zote, saa mbili usiku na 20:00, ya kwetu na ya huko, na asubuhi ya siku yenyewe nahodha anampigia msemaji amuulize saa yake ya ukutani inasema ngapi.

Mwisho wa Machi Waingereza wanasogeza saa mbele, wa mialiko kishaandika kwa wino mwekundu ukutani, na wa sauti kaongeza mstari chini yake kwa mkono wake. Kuhusu zamu ya kununua tukuza bado hatujaelewana.