Siku moja Makoko, maji yanakoishia

Saa 10:30 alfajiri

Sauti ya kwanza ninayoisikia Lagos kila siku ni ya fagio la chelewa. Mama mwenye nyumba anafagia ua kabla adhana haijaisha, ameinama, mkono mmoja mgongoni, kama bibi yangu alivyokuwa akifagia kwake Mbagala, Dar es Salaam. Watu wengi wameniambia kwamba Lagos ni chafu kwa sababu watu wake ni wachafu. Natamani wangekuja kulala hapa usiku mmoja tu, waamshwe na fagio hili.

Naishi Ebute Metta, katika nyumba ya aina ambayo wenyeji wameipa jina lenye maana ya "nitazame nikutazame": vyumba 12, sita huku, sita kule, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Mtu wa Kariakoo hahitaji kuchorewa. Tofauti ni wingi wetu. Chumba cha jirani yangu kina baba, mama na watoto wanne, na si wao peke yao walio hivyo. Foleni ya choo huanza gizani, kila mtu na ndoo yake ya maji mkononi.

Saa 12:15 asubuhi

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Langoni, mifuko yetu ya taka ya wiki tatu ilikuwa imeloa chapachapa, na mmoja mbuzi walishaupasua. Hapa kuzoa taka za majumbani wamepewa kampuni binafsi, kila moja na mitaa yake, na nyumba hupelekewa bili. Bili yetu imelipwa, risiti nimeiona kwa macho yangu. Gari halijapita. Mama mwenye nyumba aliitazama ile mifuko bila kusema neno, kisha akafagia upya pale palipochafuka.

Saa 1:30 asubuhi

Nilisomea afya ya mazingira. Temeke walikuwa wakiniita bibi afya. Makoko watoto wananiita Anti wa maji. Nimeolewa Lagos, na kazi niliipata kwenye kikundi kidogo kinachopima maji ya kunywa na kufundisha namna ya kuyatibu.

Makoko ni mtaa wa wavuvi uliosimama juu ya nguzo za mbao ndani ya maji ya wangwa, ziwa la pwani linaloungana na bahari. Wakazi wake wengi ni Waegun, watu wenye ndugu Badagry na ng'ambo ya mpaka, Benin. Magari yanayopita Daraja la Third Mainland huiona Makoko kwa mbali, mabati na moshi, kisha yanaendelea. Sisi tunaingia kwa mtumbwi. Kijana aliyenibeba hakuwa na zaidi ya miaka 12, na alipiga pondo kama mtu aliyezaliwa nalo mkononi. Lilipozama, lilirudi na tope jeusi na kifuko cha nailoni kimeng'ang'ania nchani. Ni vile vifuko vya maji ya kunywa vya nusu lita, ambavyo hapa watu wengi hununua kwa sababu maji ya bomba hayawafikii. Kwa umbo ni ndugu wa viroba, vile vya pombe tulivyovipiga marufuku Tanzania mwaka 2017. Mtu anakata pembe kwa meno, ananyonya, anatupa. Zidisha kwa jiji zima.

Saa 2:40 asubuhi

Jana nilikuwa nimeacha vichupa vitano vya kupimia kwa mama mmoja mkaushaji samaki, maana jiko lake lina joto na vijidudu huhitaji joto ili vijionyeshe. Kipimo chenyewe ni rahisi: unatia maji kichupani, unasubiri siku nzima, yakigeuka meusi basi yaelekea yamepitiwa na kinyesi. Vitatu vilikuwa vyeusi kama wino.

Maji hayo yanatoka kwenye kisima kirefu, nchi kavu, na kisimani ni masafi. Yanasafiri kwa mipira ya plastiki iliyolazwa ndani ya yale maji meusi ya wangwa hadi mahali yanapouzwa kwa madumu. Pampu ikifanya kazi, msukumo ni wa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo hata mpira ukiwa na ufa, uchafu hauingii. Umeme ukikatika msukumo unakufa, na ule ufa unaanza kunyonya. Na Lagos umeme hukatika mara ngapi kwa siku? Asubuhi mtu anafungua, anakinga ndoo, anamnywesha mtoto.

Mama yule alinisikiliza akigeuza samaki kwenye moshi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kidogo kama adabu ya huku inavyotaka, maana kwa umri ni mama yangu. Nilipofika kwenye somo la kutotupa kinyesi majini, alinyanyua koleo.

"Anti," akasema, "kila anayekuja hapa anatuambia tunachafua maji. Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka kwenye ukingo wa baraza lake la mbao. Kutoka pale unaona mdomo wa mfereji mkubwa unaoteremka kutoka bara. Mvua ya usiku ilikuwa imeusukuma wote. Lilipita godoro. Zikapita chupa, viatu, vile vibebeo vyeupe vya chakula ambavyo jimbo la Lagos lilivipiga marufuku Januari 2024, mbwa aliyevimba, halafu povu lisilokuwa na jina. Vyote vilikuja polepole, vikajipanga chini ya nyumba yake kama wageni waliokaribishwa.

"Godoro hilo ni la kwetu?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Tangu pale nimebadilisha somo langu. Kweli Makoko vyoo vingi ni tundu juu ya maji, na hilo linaua watoto, siwezi kulifunika. Lakini jiji lenye mamilioni ya watu halina mtandao wa mabomba ya majitaka kwa sehemu yake kubwa. Nyumba nyingi, zikiwemo za wenye uwezo, zina karo, yaani shimo la majitaka, uani, na karo likijaa huitwa gari la kunyonya. Hapo Iddo, ng'ambo kidogo tu ya mtaa wangu, kinyesi cha jiji kimemwagwa wangwani kwa miaka mingi, tangu enzi za ndoo zilizobebwa kichwani usiku. Mwenye jumba anavuta mnyororo, maji yanashuka, yeye anajiona msafi. Maji yenyewe yanaishia chini ya baraza la mama huyu. Mwaka 2024, Juni, kipindupindu kilipolipuka, Eti-Osa yenye Lekki na majumba yake ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa mapema. Uchafu ulikuwa umerudi kwa wenyewe.

Saa 7 mchana

Chakula: maharage ya kupondwa na mchuzi mweusi wa pilipili, kwa mkate. Muuzaji alinipa maji ya kunawa na sabuni kabla sijaomba.

Saa 7:45 mchana

Nchi kavu nilikutana na kijana wa mkokoteni ninayemfahamu. Ni mtu wa kaskazini, na huku wenzake huitwa kwa Kihausa mai bola, wenye taka. Nikamsalimu kwa ile salamu ya Kiyoruba ya mtu aliye kazini, ẹ kú iṣẹ́, ambayo haina tofauti na pole na kazi yetu.

Jimbo limewapiga marufuku watu kama yeye, kwa kuwa humwaga ovyo. Nilimuuliza, kama dada anavyomuuliza mdogo wake, anamwaga wapi. Hakuficha. Vyuma na chupa ngumu anauza. Mengine, kukiwa na mtu anayejaza kiwanja, anampelekea.

Hili lilinichukua muda kulielewa. Ukingoni mwa wangwa, ardhi ni kinamasi. Asiye na pesa ya mchanga hujaza kiwanja kwa vumbi la mbao kutoka viwanda vya kupasua magogo, na kwa taka, tabaka juu ya tabaka, anakanyagia, anajenga. Kuna watoto wanaolala juu ya taka za miaka 20, na ukichimba choo hapo, maji unayakuta kabla hujafika kiunoni.

"Na kusipokuwa na wa kujaza?" nikamuuliza.

"Mferejini, usiku."

Dampo la Olusosun, Ojota, lilifunguliwa 1992 likiwa pembeni. Leo jiji limelizunguka pande zote, na Machi 2018 liliwaka moto, moshi ukaingia majumbani mwa watu. Kutoka hapa kwenda huko na mkokoteni ni ndoto. Lori nalo halipiti kwenye vichochoro ambavyo yeye anapita. Mlango wa mama fulani na tangi la lori vimetenganishwa na mita mia chache tu, na katika mita hizo hakuna mtu aliyewekwa ila huyu kijana, ambaye ni kosa kumwita. Ningekuwa na sauti jijini, ningempa sare, kibali na mahali pa halali pa kumwaga, karibu.

Saa 9:20 alasiri

Mvua tena. Tulijibanza kibandani na kina mama wa upande wa nchi kavu tukisubiri kikao. Maji yalipopanda, nyumba ya nyuma ilifungua karo lake likaungana na mafuriko. Kwetu Dar tunaita kutapisha, na wakati wa masika Temeke nilizunguka nyumba kwa nyumba nikikataza. Nilijua harufu ile kabla sijageuka.

Kikao kilikuwa cha choo cha kulipia. Mama mmoja alipiga hesabu kwa vidole: naira 100 kwa kila anayeingia, yeye na watoto watano, mara mbili kwa siku. Wote wakanyamaza. Tulikubaliana kuomba watoto waingie bure na kila familia ilipe kwa mwezi. Mwenye choo hajakubali, alisema atafikiri. Jumanne tunarudi kwake.

Saa 12:30 jioni

Foleni ya magari. Nilikuwa nikiwaza hesabu moja tu. Sensa ya 2006 ilisema jimbo la Lagos lina watu milioni 9. Jimbo lenyewe likasema ni milioni 17.5. Malori unayapangaje, vyoo unavijengaje, kama milioni nane za watu hazijulikani kama zipo?

Saa 3 usiku

Nimeoga, nimepanga vichupa vipya. Gari la taka halikuja leo pia, na mfuko wetu uliopasuka ulianza kutoa funza. Tukasikia magurudumu yakija, na mama mwenye nyumba akanitazama. Mimi ndiye niliyetoa pesa. Mimi ndiye niliyeinua mifuko, mmoja baada ya mwingine, nikamkabidhi kijana, si yule wa mchana. Nilimwambia kazi njema.

Nimekaa dirishani nikisikiliza. Mwisho wa mtaa kuna njia mbili. Magurudumu yalisimama kidogo, halafu yakakata kushoto, kuelekea mferejini.